Anayelipia gongo lililochezewa ni mrushaji

Kwenye mashindano mengi ya softiboli, ule mchezo ndugu wa besiboli ambamo mrushaji anarusha mpira na mpigaji anaupiga kwa gongo, nchini Marekani siku hizi utakuta meza ndogo imewekwa kabla michezo haijaanza. Juu yake kuna kifaa cha chuma chenye mkono wa kuvuta na saa ya kupimia. Mchezaji anakabidhi gongo lake, mkaguzi analiweka katikati ya mataya ya kile kifaa, analibana, anasoma namba, analigeuza robo mzunguko, analibana tena. Gongo likikaza linabandikwa kibandiko na kurudishwa kwa mwenyewe. Likinepa kupita kiasi linawekwa kando, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwenye gongo analalamika kwamba ameitwa mwizi mbele za watu kwa gongo lenye muhuri halali alilonunua dukani kwa mamia ya dola. Waliopanga foleni nyuma yake wananong'onezana kwamba hatimaye kaumbuka. Yeye anaona kipimo ni tusi, wenzake wanaona ni hukumu.

Naona pande zote mbili hazijaelewa kifaa kile kimewekwa kwa ajili ya nani. Suala la magongo yaliyochezewa, yaani yaliyobadilishwa kwa siri ili yapige kwa nguvu zaidi, linazungumzwa kana kwamba ni ugomvi wa wapigaji kwa wapigaji: huyu kajipatia mita kadhaa za bure, yule kacheza kihalali akaachwa nyuma. Kwa hesabu hiyo, kuchezea gongo kunakuwa ujanja wa kawaida wa michezoni, wa kukemewa kidogo na kusahauliwa upesi. Hoja yangu ni kwamba anayeibiwa hapa kwanza si mpigaji wa timu pinzani. Ni mrushaji, aliyesimama mita 15 mbele ya gongo, ametoka tu kuuachia mpira, mwili bado umeinama. Anachoibiwa ni kile kipande kidogo cha sekunde anachohitaji ili kuinua glavu mbele ya uso wake. Ukiitazama sheria kutoka pale aliposimama, makatazo yanapata maana nyingine kabisa, na mapengo yaliyomo ndani ya makatazo hayohayo nayo yanaonekana.

Turudi nyuma kidogo. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya Farragut Boat Club, pale glavu ya ndondi ilipofungwa kwa kamba ikawa mpira na mpini wa ufagio ukawa gongo. Ulikuwa mchezo wa ukumbini, na uwanja wake ukapimwa kwa kuamini kwamba mpira mkubwa na laini hauendi mbali. Baadaye mchezo ulitoka nje, ukapata vyama, ligi na mabingwa, lakini ufupi wa uwanja ulibaki. Katika mrusho wa polepole, ule unaochezwa na watu wazima wengi jioni baada ya kazi, mrushaji yuko futi 50 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 15 na sentimita 24. Katika mrusho wa kasi wa wanawake wa vyuo ni futi 43, mita 13 na ushei tu. Gongo nalo lina mipaka yake: urefu usizidi inchi 34, unene usizidi inchi 2 na robo. Mipaka hiyo ilitosha wakati gongo lilikuwa kipande cha mti. Mti mgumu haubonyei na kurudi. Ukishajua ukubwa na uzito wake, umeshajua karibu yote unayohitaji kujua kuhusu nguvu yake.

Alumini ilipoenea miaka ya 1970, hesabu hiyo ilivurugika. Gongo la alumini ni bomba, na ukuta wa bomba ukiwa mwembamba unabonyea kidogo pale mpira unapogonga, kisha unafyatuka kurudi mahali pake. Watengenezaji walipong'amua hilo mashindano yao yakahamia kwenye ukuta. Miaka ya 1990 yalikuja magongo ya titani, ambayo yalipigwa marufuku mapema tu baada ya kutokea. Yakaja magongo yenye kuta mbili, ukuta ndani ya ukuta, yaliyompa jina mtengenezaji Ray DeMarini. Halafu yakaja ya kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizolowekwa kwenye rezini na kukaushwa zikawa ganda gumu. Kila hatua gongo lilizidi kuwa hai, na uwanja ulibaki vilevile. Chama cha ASA, kilichoundwa mwaka 1933 na kinachojulikana tangu 2017 kwa jina la USA Softball, kilifikia mahali pa kuweka dari: kwa kiwango chake cha mwaka 2004, gongo jipya likipimwa maabara lisiutoe mpira kwa kasi inayozidi maili 98 kwa saa, karibu kilomita 158. Chama kingine kikubwa, USSSA, kilitumia kipimo cha uwiano: gongo lisiwe na uhai unaozidi mara 1.20 ya ule wa ukuta usiotikisika. Muhuri uliochapwa kwenye gongo unasema jambo hilo moja, kwamba aina hii ya gongo ilipimwa ikakutwa chini ya dari.

Ili kuona kwa nini kuchezea gongo la namna hii ni jambo zito, inabidi kuelewa kinachotokea ndani ya ile elfu moja ya sekunde ambayo mpira na gongo vinagusana. Watu hudhani gongo ndilo linalotoa nguvu yote na mpira unapokea tu. Ukweli ni kwamba mpira wenyewe ndio mharibifu mkubwa wa nguvu. Mpira wa softiboli uliochapwa namba 52/300 una urejeo wa 0.52, maana yake ukigonga kitu kigumu kwa kasi fulani unarudi kwa asilimia 52 ya kasi hiyo. Kwa upande wa nishati, kilichobaki ni kama robo. Takriban robo tatu zimepotea ndani ya mpira ulipokuwa ukipondeka na kujinyoosha. Sasa tumbo la gongo likiwa laini, linabonyea lenyewe badala ya kuuacha mpira upondeke wote. Ganda la kaboni linairudisha nishati karibu yote, tofauti na mpira unaoimeza. Hiyo ndiyo inayoitwa athari ya trampolini. Mpigaji hajaongeza hata chembe ya nguvu. Gongo limeuzuia mpira usile nguvu yake.

Hapa pana mkanganyiko unaonikera kila suala hili linapozuka. Mtu akisikia "gongo lililochezewa" anakumbuka Sammy Sosa, mchezaji wa besiboli wa Chicago Cubs, Juni 3, 2003, gongo lake lilipovunjika uwanjani Wrigley Field na kizibo, kile kitu chepesi cha kuzibia chupa, kikaonekana ndani ya mti. Alifungiwa michezo minane, ikapunguzwa hadi saba, na magongo yake mengine 76 yalipopigwa eksirei yakakutwa safi. Lakini kutoboa gongo la mti na kulijaza kizibo ni udanganyifu ambao karibu haufanyi kazi. Watafiti wanne wa Marekani, mwanafizikia Alan Nathan akiwa mmoja wao, walilipima jambo hilo na kuandika mwaka 2011 kwamba kizibo hakimpi mpira kasi ya ziada. Gongo linakuwa jepesi na rahisi kuzungusha, lakini linapoteza uzito wa kugongea, na mwisho wa hesabu mpigaji hana alichovuna upande wa kasi. Besiboli ya kulipwa hutumia magongo ya mti. Softiboli inatumia maganda yenye uwazi ndani. Kulichezea ganda kunafanya kazi, na kunafanya kazi vizuri. Kumweka Sosa na mchezaji wa softiboli aliyekwangua gongo lake kwenye kapu moja ni kuwalinganisha mtu aliyevaa hirizi na mtu aliyeongeza baruti.

Njia za kulichezea ni chache na hazihitaji akili nyingi. Ya kwanza ni rola. Gongo la kompositi linapitishwa kati ya rola mbili za plastiki ngumu, skrubu inakazwa kidogo kidogo, gongo linasukumwa mbele na nyuma, kisha linageuzwa na kusukumwa tena. Ukiwa karibu unasikia mlio, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa ndani ya gunia. Ni rezini inayopasuka kati ya nyuzi. Nje hapaonekani kitu. Ya pili ni kukereza. Kifuniko cha ncha kinachomolewa kwa joto, gongo linafungwa kwenye mashine ya kerezo, na ukuta wa ndani unakwanguliwa kwa unene unaohesabiwa kwa maelfu ya inchi. Vumbi jeusi la kaboni linatoka, gongo linakuwa jepesi, uzito uliopotea unafidiwa kwa kitu kinachogundishwa ndani ya ncha, kifuniko kinarudishwa. Niliwahi kushika magongo mawili ya aina moja, moja likiwa limekerezwa, na nilitumia muda mrefu nikiyapindua mikononi. Tofauti pekee niliyoipata ilikuwa uzi mwembamba wa gundi kwenye ukingo wa kifuniko, mahali ambapo kiwandani huwa hakuachwi alama. Njia ya tatu ni ya ulaghai mtupu: gongo lisiloruhusiwa linapakwa rangi na kubandikwa nembo za gongo linaloruhusiwa.

Tuhamie sasa futi 50 mbele. Mpira unaotoka kwenye gongo kwa maili 98 kwa saa unasafiri mita 43 na zaidi kila sekunde. Tukiuacha upepo kando, unamfikia mrushaji kwa sekunde 0.35. Jicho la mtu mzima mwenye afya likiona kitu, mkono unahitaji karibu robo ya sekunde hata kuanza tu kuitikia. Kinachobaki kwa ajili ya kuinua glavu au kugeuza kichwa ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ongeza maili 5 kwa saa, jambo ambalo gongo lililokwanguliwa linaliweza, na mpira unafika kwa sekunde 0.33. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba haikatwi kwenye sekunde 0.35 nzima. Inakatwa kwenye ile sehemu moja ya kumi aliyobakiwa nayo, na inaipunguza kwa karibu moja ya tano. Nishati ya mpira nayo imepanda kwa zaidi ya asilimia 10. Na mrushaji hakai kwenye mstari. Akipiga hatua ya mbele anapoachia mpira, anakuwa karibu zaidi.

Wanaotetea uchezeaji wa magongo wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Iliyo na nguvu kuliko zote ni hii: gongo la kompositi huwa laini lenyewe kadiri linavyotumika. Kila pigo linapasua rezini kidogo, na baada ya mipira mia kadhaa gongo linapiga vizuri kuliko siku lilipotoka dukani. Watengenezaji wanajua, wachezaji wanajua, na wengine wanalisema wazi kwenye matangazo. Basi aliyetumia rola, wanauliza, kafanya nini zaidi ya kufupisha safari? Mwenzake mwenye muda wa kupiga mipira mia tano mazoezini anafika palepale kihalali, ila mfanyakazi asiye na muda huo ndiye anaitwa tapeli. Hoja hii imegusa ukweli, na imeshathibitishwa kwenye besiboli. Mwaka 2009 kamati ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ilisimamisha magongo ya kompositi katika besiboli ya vyuo baada ya kuonekana kwamba magongo yaliyopita kipimo yakiwa mapya yanavuka kiwango baada ya kutumika. Mwaka uliofuata shule za sekondari za Marekani nazo ziliyakataa, isipokuwa yale yatakayopita kipimo hata baada ya kulainishwa kwa makusudi maabara.

Lakini itazame hoja hiyo inakwenda wapi. Ikiwa gongo linalotumika kawaida linavuka dari, maana yake mrushaji hayuko salama hata mbele ya mchezaji mwaminifu. Hilo linatudai vipimo zaidi. Halitoi ruhusa kwa rola. Tena si kweli kwamba rola inafupisha safari tu. Mchezaji anayepiga mipira analainisha upande huu leo na ule kesho, na gongo lake mara nyingi linapasuka muda si mrefu baada ya kufikia kilele. Mwenye rola anasimama anapotaka, anapima, anakaza tena, anafika kileleni bila kupoteza maisha ya gongo njiani. Na anayekereza hana hata pa kujificha. Muda haumegi ukuta. Gongo linaweza kupigiwa mipira elfu kumi na ukuta wake usipungue hata unywele. Utapasuka, utachoka, lakini unene wake utakuwa uleule. Anayeitumia hoja ya kuzoeza gongo kutetea kerezo anatumia ukweli wa jambo moja kulifunika jingine.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba kila mtu anafanya. Inasemwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya malalamiko: nisipofanya nitabaki nyuma. Ya pili ni ya kujifariji: tukifanya wote tunakuwa sawa, hakuna aliyeonewa. Ile ya pili ndiyo inayonitia hasira. Kama mchezo ungekuwa wa wapigaji pekee, kila mmoja akipiga mpira wake kwenye uwanda mtupu na kupima umbali, basi ndiyo, wote wakitumia magongo makali wangekuwa sawa. Kwenye softiboli kuna mtu mwingine mbele, na usawa wa wapigaji haumpi hata nukta ya muda. Wapigaji ishirini wakikwangua magongo, mrushaji hakabiliwi na usawa, anakabiliwa na hatari ileile mara ishirini. Wengi wape ni kauli ya kuamulia mambo ambayo wote wanayabeba. Hapa wengi wanaamua na mmoja anabeba. Hata ile hoja ya "gongo ni mali yangu, nimelinunua" inaangukia shimo hilohilo. Lifanyie gongo lako utakalo. Uwanjani unapoliingiza, unaliingiza chini ya muhuri, na muhuri ni ahadi aliyopewa mtu mwingine.

Wapo pia wanaosema mrushaji avae barakoa ya uso na kofia ngumu, yaishe. Avae, tena ningependa iwe lazima katika kila ligi ya watu wazima. Mzigo wa mwenzio, hata hivyo, ni kanda la usufi: anayeshauri hivyo aghalabu ni mpigaji, na ushauri wake unaacha gongo lilivyo na kumtaka mwingine agharimie. Barakoa inalinda uso. Koo, kifua na kifundo cha mkono viko wazi. Na pembeni mwa mrushaji kuna walinzi wa besi ya kwanza na ya tatu ambao mara nyingi husogea mbele, na wengi wao hawavai kinga yoyote ya uso.

Hadi hapa nimesema na wanaochezea magongo. Upande wa pili nao una makosa yake, na ndiyo makosa yanayoniudhi kwenye ile foleni ya mezani. Kifaa cha kubania hakipimi kasi ya mpira. Kinapima ugumu wa ganda pale linapobanwa, na kutokana na ugumu huo kinakisia uhai wa gongo. Kipimo halisi kinafanyika maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Washington State inayoongozwa na Lloyd Smith, ambako mzinga wa hewa unafyatua mpira kulielekea gongo lililoshikizwa kwenye egemeo na vihisio vinasoma kasi ya kwenda na ya kurudi. Huwezi kubeba mzinga huo hadi uwanjani. Kifaa cha mezani ni mbadala mzuri, wa haraka, na kinastahili kuwepo, ila hakijui historia ya gongo. Lililopita kwenye rola jana na lililopigiwa mipira msimu mzima yanaweza kutoa namba ileile. Mkaguzi akisema "limeshindwa" ametamka ukweli kuhusu ganda. Umati unaposikia "kadanganya" umeongeza neno lake.

Kosa hilo linatokana na sheria zenyewe jinsi zilivyoandikwa. Kwenye sheria za USA Softball gongo lisiloidhinishwa na gongo lililobadilishwa ni vitu viwili tofauti. Ukiingia kupiga na gongo lisiloidhinishwa, unatolewa kwa zamu hiyo. Ukiingia na lililobadilishwa, unatolewa, unafukuzwa mchezoni, wakimbiaji wanarudishwa, na unaweza kufungiwa kwa muda mrefu. Tofauti hiyo ni ya haki kabisa kwenye karatasi. Uwanjani, nani anathibitisha kwamba gongo limebadilishwa? Mwamuzi anaweza kuona ufa, mbonyeo, kifuniko kilicholegea, au kusikia kitu kinachogongagonga ndani. Hana jicho la kuona ukuta uliopungua. Matokeo yake ni kwamba adhabu kali inabaki kwa wazembe waliofanya kazi mbovu, na mafundi wazuri wanapita. Wale mafundi wenyewe, wanaotangaza huduma ya rola na kerezo bila kujificha na kupokea magongo kwa posta, si wanachama wa ligi yoyote. Kamati inaweza kumfungia mchezaji miaka. Fundi aliyelikwangua gongo analala salama na kesho anapokea jingine.

Kuna jambo lililotokea kwenye besiboli ambalo linasaidia kuona mstari uko wapi. Machi 29, 2025, New York Yankees waliwapiga Milwaukee Brewers 20 kwa 9, wakiupeleka mpira nje ya uwanja mara tisa, na baadhi yao walikuwa na magongo mapya yenye tumbo lililosogezwa karibu na mikono, wazo la mwanafizikia Aaron Leanhardt. Kelele zikapigwa kwamba ni udanganyifu. Haikuwa hivyo. Gongo lilikuwa la mti mtupu, ndani ya vipimo vilivyoandikwa, na kila timu ingeweza kuagiza lake. Kubadilisha umbo la gongo si dhambi, na kutafuta faida si dhambi pia. Kinachofanya gongo lililokwanguliwa liwe kosa ni kwamba linabeba muhuri unaosema jambo ambalo si kweli tena, na anayeutegemea muhuri huo hana namna ya kujua.

Ukikubali kwamba sheria ipo kwa ajili ya mrushaji, baadhi ya mambo yanabadilika mara moja. Kwanza, swali la gongo linatenganishwa na swali la mtu. Gongo likivuka kiwango linatoka mchezoni, liwe limefika hapo kwa rola, kwa kerezo au kwa mipira elfu moja ya halali, na linatoka bila sauti kupandishwa. Mwenye gongo lililochoka asione haya zaidi ya dereva ambaye tairi lake limeisha kashata. Adhabu ya mtu inahitaji ushahidi wa mkono wa mtu: kifuniko kilichofunguliwa, gundi ya kigeni, nembo za bandia, uzito ulioongezwa ndani. Ushahidi huo ukipatikana, sioni sababu ya huruma. Kumfungia mtu wa namna hiyo wiki chache ni kumwambia mrushaji kwamba kichwa chake kina thamani ya wiki chache.

Pili, mzigo urudi kwa anayetengeneza. Muhuri unaotolewa kwa gongo jipya ni ahadi ya siku ya kwanza, na hakuna anayecheza na gongo la siku ya kwanza msimu mzima. Kilichofanyika kwenye besiboli ya shule kinafaa kuwa sharti la kawaida kwenye softiboli yote: gongo lilainishwe maabara hadi karibu na kupasuka, lipimwe katika kila hatua, na muhuri utolewe kama kilele chake kiko chini ya dari. Gongo la namna hiyo likipitishwa kwenye rola halina pa kwenda zaidi ya kuvunjika, na biashara ya rola inakufa yenyewe bila mtu kufukuzwa. Watengenezaji watasema magongo yatakuwa mazito ya kupiga yakiwa mapya. Itakuwa kweli, na wachezaji watanung'unika msimu mmoja au miwili. Kerezo haitakomeshwa na hilo, maana anayemega ukuta anaweza kuvuka dari yoyote, ndiyo maana meza ile ya ukaguzi haiwezi kuondolewa.

Na kuhusu meza hiyo, kuna jambo dogo ambalo sijaona likitiliwa maanani inavyostahili. Gongo lililoshindwa likirudishwa kwa mwenyewe baada ya mashindano, linakwenda nyumbani na muhuri wake ukiwa bado unasomeka. Haliishii kabatini. Linauzwa kwa mtu asiyejua, au linapelekwa mazoezini, ambako hakuna mwamuzi, hakuna kifaa, na anayerusha mipira mara nyingi ni mwenzao aliyejitolea, kichwa wazi. Kuukwaruza muhuri kwa msumari palepale mezani, mbele ya mwenye gongo, kunachukua sekunde kumi. Mwenye gongo atakasirika, na nusu ya hasira yake naielewa kwa sababu ametoa pesa zake. Lakini jioni ya kesho yake gongo hilo litakuwa mikononi mwa mtu, na mtu mwingine atakuwa amesimama futi 50 mbele yake akitazama kama lina muhuri.